Masega ya gari yamekufa: kuyatibu, kununua mapya, kutafuta ya mtumba, au kuyatoa?

Taa ya injini ya Noah yangu iliwaka nikikaribia Mtoni, narudi kutoka Nungwi na wageni wanne nyuma. Gari haikuzimika ila ilikosa nguvu: nakanyaga, injini inanguruma, gari haivuti. Kesho yake asubuhi nikaipeleka gereji. Fundi akaingia chini, akagonga bomba la moshi kwa spana mara mbili, akasikiliza mchakacho uliomjibu kutoka ndani, akatoka akijifuta mikono.

"Masega yamekwisha, ami. Tunayatoa, tunachomea bomba tupu, adhuhuri unaondoka na gari inaruka. Na kazi yenyewe nakufanyia bure."

Hilo "bure" ndilo lililonirudisha nyuma. Nimebeba wageni miaka mingi kisiwani hapa na sijapata kumuona fundi anayechomelea bure. Nikamwambia nitarudi, nikaikokota gari hadi nyumbani, na siku zilizofuata nikawa na kazi moja tu: kuuliza, kupima na kulinganisha. Ninayoyaandika ni kwa mwenzangu ambaye taa yake imewaka leo na hajui ashike njia gani.

Kwanza, kitu chenyewe

Masega ni kile kikopo cha bati kilicho njiani mwa bomba la moshi, baina ya injini na mafla. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, na ndipo lilipotoka jina. Matundu hayo yamepakwa madini matatu ghali: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, na masega yakiwa yameshashika moto, hewa ya kaboni monoksidi hugeuka kuwa kaboni dioksidi, petroli iliyotoka bila kuungua humaliziwa kuungua, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Yakiwa mazima hupunguza zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Yakiwa baridi hayafanyi lolote. Yanahitaji joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi kabla hayajaanza kazi.

Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega husaidia kompyuta kupanga mchanganyiko wa petroli na hewa. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuyachunga masega yenyewe. Sensa zote mbili zikianza kusoma namna moja, kompyuta inajua masega hayafanyi kazi, inaandika namba P0420 na kuwasha taa.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi ni kwamba masega hayafi yenyewe. Huuliwa. Koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, ikifa, petroli ya silinda moja inamwagika mbichi ndani ya masega na kuungulia humo, kauri inayeyuka. Injini ikila oili, majivu ya oili yanaziba matundu. Maji ya rejeta yakivuja ndani ya injini, hali ni hiyo hiyo. Gari ikigonga jiwe kwenye njia ya shamba, kauri inavunjika na kuanza kuchakacha. Zamani kulikuwa na muuaji mwengine, risasi iliyotiwa kwenye petroli, lakini huyo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilimuaga kufikia mwanzo wa 2006.

Kwa hiyo ukiyabadilisha masega bila kumjua aliyeyaua, umemletea chakula kipya.

Vigezo nilivyopimia

Nimeweka vitano. Sheria: njia hii inakuweka upande gani. Mfuko: unatoa nini leo na nini baadaye. Injini: gari itakuwaje. Walio nyuma: nani anavuta unachokitoa. Na siku ya kuuza: utamwambia nini mnunuzi.

Sheria naitanguliza kwa sababu ndiyo inayopigiwa porojo zaidi mabarazani. Hapa Zanzibar chombo cha moto kiko chini ya Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003. Uchafuzi wa mazingira uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, na msimamizi wake ni ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo usichukue kanuni za hewa za Bara za 2007 ukapanda nazo boti na kushuka nazo bandari yetu ya Malindi ukidhani ndizo zinazotumika. Ukitaka kujua gari yako itasimama vipi mbele ya ukaguzi, muulize mkaguzi kabla hujachomea. Fundi si wa kuulizwa sheria, kama ambavyo hakimu si wa kuulizwa koili.

Nasikia sana, "Sijawahi kusimamishwa na trafiki kwa ajili ya masega." Na mimi sijawahi. Trafiki wa Mwanakwerekwe anaangalia leseni, bima na tairi. Hana jicho linalopenya chini ya gari. Lakini kutokukamatwa si ruhusa.

Nchi zilizolitazama jambo hili kwa muda mrefu hazina utata. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuondoa au kuzima kifaa chochote cha kusafisha moshi, na inamkataza pia anayeuza kifaa cha kufanyia hivyo. Uingereza, tangu Februari 2014, gari ya dizeli iliyotoka kiwandani na chujio la masizi ikikutwa haina, inaanguka ukaguzi wa mwaka. Na sote tunakumbuka ya Volkswagen. Septemba 2015 ilibainika kuwa gari zake za dizeli zilikuwa na programu inayotambua kuwa gari iko kwenye mashine ya kupimwa. Hapo moshi unasafishwa; gari ikirudi barabarani, usafi unaachwa. Gari zilizohusika zilikuwa karibu milioni 11 duniani kote, na Marekani zilikutwa barabarani zikitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango. Kampuni ilikiri makosa mahakamani 2017. Ule ulikuwa udanganyifu wa kiwandani. Bomba tupu ni udanganyifu wa chini ya mwembe. Ukubwa wa karakana tu ndio tofauti.

Njia ya kwanza: kumtafuta muuaji, na kusafisha

Kisheria hapa uko salama kabisa, maana hukuondoa kitu.

Kwa mfuko ndiyo njia ya kuanzia, na mara nyengine ndiyo inayomaliza. Taa ya P0420 haina maana ya moja kwa moja kuwa masega yamekufa. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari hewani, na mabomba yetu yanaota kutu kuliko ya watu wa bara. Tundu dogo la kutu karibu na sensa ya nyuma linaingiza hewa ya nje, sensa inasoma uongo, taa inawaka. Kuliziba tundu ni kazi ya dakika chache. Sensa yenyewe ikizeeka nayo inasema uongo. Kwa hiyo mtu asikubali hukumu ya kugonga spana. Fundi mwenye vipimo anafungua sensa ya mbele, anafunga geji pahala pake na kusoma mgandamizo wa moshi. Ukiwa mkubwa, masega yameziba kweli. Mwengine anatumia kipima joto cha kuelekeza kwa mbali: upande wa kutokea usipokuwa na moto kuliko wa kuingilia wakati injini imepata joto, masega yamelala.

Kuhusu kusafisha, nisikudanganye. Zile chupa za dawa ya kumwaga ndani ya tangi, na kule kuyafungua masega na kuyaosha kwa maji moto na sabuni, vinasaidia pale tu tatizo likiwa ni masizi. Gari inayozunguka Darajani, Michenzani na Kijangwani siku nzima kwa gia ya pili inajaza masizi, na safari moja ndefu ya mwendo wa kutulia hadi Makunduchi inaweza kufanya kazi ya chupa mbili. Lakini kauri iliyoyeyuka hairudi, na madini yaliyofunikwa na majivu ya oili hayarudi kwa sabuni.

Injini ndiyo inayofaidika zaidi na njia hii, maana ulichotibu ni yenyewe. Kwangu mimi muuaji alikuwa koili ya silinda ya tatu. Ilikuwa inamisi kwa wiki kadhaa na mimi naisikia, najiambia ni petroli chafu.

Walio nyuma yako wananufaika masega yakiwa bado yana uhai. Siku ya kuuza, una la kuonesha.

Inamfaa nani? Kila mtu kwa hatua ya kwanza. Kwa hatua ya mwisho inamfaa yule ambaye masega yake yamechafuka tu, hayajavunjika.

Njia ya pili: mapya

Yapo mapya ya kampuni iliyounda gari na yapo mapya ya kuigiza. Ya kampuni, kwa gari nyingi tunazoendesha hapa, bei yake inaweza kukufanya uitazame gari yenyewe upya na kujiuliza inathamani gani. Kwa IST au Vitz ya miaka kumi na tano, sijapata kumuona mtu akiyanunua. Wanaoyanunua ni mashirika na watu wenye gari bado mbichi.

Ya kuigiza ni rahisi zaidi na yanapatikana Dar es Salaam kwa kuagiza. Urahisi wake una sababu: madini ndani ni machache. Mengine yanakwenda miaka kadhaa bila tatizo, mengine taa inarudi baada ya miezi michache, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Uzito unasema kidogo, dhamana ya muuzaji inasema zaidi. Kama hakuna dhamana ya maandishi, unanunua bati.

Kisheria huna tatizo. Injini inapumua vizuri, na moshi nyuma ni safi muda wote masega yakiwa na nguvu. Siku ya kuuza ni sifa, khasa ukiweka risiti. Njia hii inamfaa anayekusudia kukaa na gari miaka mingine mitano au zaidi, na anayebeba watu kila siku. Mwenye gari anayotaka kuiuza baada ya Ramadhani hataona faida yake.

Njia ya tatu: ya mtumba

Hii ndiyo niliyoishika mwenyewe, kwa hiyo nihesabieni upendeleo wangu.

Ni masega ya asili yaliyotolewa kwenye gari iliyokatwa, mara nyingi zilizoletwa Dar zikiwa nusu nusu kutoka Japani. Uzuri wake ni kuwa madini yake ni ya kiwandani, si ya kubania. Japani gari binafsi hukaguliwa mara ya kwanza ikifika miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, moshi ukiwemo, kwa hiyo masega ya gari iliyokatwa kule ikiwa inatembea kwa kawaida huwa na maisha. Ubaya wake ni kuwa unanunua maisha ya mtu mwengine bila kujua alivyoyaishi.

Ukienda kununua, chukua tochi. Tazama pande zote mbili: matundu yawe wazi, yasiwe yameyeyuka kama mshumaa wala kufunikwa na weusi wa oili. Yatikise karibu na sikio. Kikichakacha chochote, rudisha. Hakikisha yanatoka kwenye injini ya aina yako, si gari ya jina lako tu. Noah ya AZR60 yenye 1AZ na Noah iliyokuja baada yake yenye 3ZR ni jina moja na mabomba mawili tofauti. IST nazo ziko za 1NZ na za 2NZ. Na muulize muuzaji wazi wazi yametoka wapi. Mwaka 2021 bei ya rodiamu duniani ilipita dola 20,000 kwa wakia moja, na wizi wa masega ukaenea nchi nyingi kama moto wa makuti. Masega yaliyokatwa kwa msumeno kwa haraka, pembe zake zimechanika, yana hadithi ambayo hutaki kuinunua.

Mfuko: katikati ya ya kuigiza na ya kampuni, na mara nyengine chini ya ya kuigiza. Sheria: salama ikiwa si ya wizi. Injini: kama mpya, yakiwa mazima. Walio nyuma: yangu yalipofungwa, ile harufu ya petroli mbichi iliyokuwa ikinifuata hadi Bububu ilikwisha siku hiyo hiyo. Kuuza: unasema ukweli, "ni ya mtumba, lakini ni ya asili na yanafanya kazi", na mnunuzi anaelewa.

Inamfaa mwenye gari ya Kijapani ya kawaida, mwenye subira ya wiki moja na mtu anayemuamini Dar. Aliye Pemba aongeze siku za meli. Gari za aina adimu hazifai huku. Utatafuta hadi uchoke.

Njia ya nne: kuyatoa

Nitaipa haki yake, maana wanaoifanya si watu wabaya. Wengi ni madereva ambao gari ikilala siku mbili, watoto wanakwenda skuli bila pesa ya andazi.

Hoja zao ni hizi. Gari iliyoziba inapumua papo hapo. Hakuna spea ya kuagiza. Gharama ni ya kuchomelea tu. Na mtu mmoja aliniambia kitu ambacho sikuwa na jibu lake la haraka: "Wewe unasumbuliwa na masega ya Noah, na vespa ya jirani yako inatoa moshi wa buluu tangu Karume." Kweli. Vespa za kizamani za kuchanganya oili na petroli hazikuumbwa na masega, na moshi wake katika vichochoro vya Mji Mkongwe tunaujua sote. Lakini vespa haijaondolewa kitu, imezaliwa hivyo. Gari yako ilikuja na kinga na wewe umeivua.

Sasa vigezo. Mfuko, leo, hakuna inayoishinda. Lakini turudi kwenye lile "bure". Masega ya asili, hata yaliyokufa, yana madini ndani, na wapo wanunuzi wanaozunguka wakiyatafuta. Fundi anayekutolea bure hajakufanyia hisani; amelipwa kwa masega yako na hukuona risiti. Ukiamua njia yoyote kati ya hizi nne, muulize kabla spana haijagusa bolti: ya zamani yanabaki kwa nani? Sura yake itakujibu kabla ya mdomo.

Injini: ule mruko baada ya kuyatoa ni wa kweli kama yalikuwa yameziba. Lakini si kwa sababu bomba tupu lina nguvu. Ni kwa sababu kizuizi kimeondoka. Masega mazima yangekupa karibu nguvu ile ile. Habari kwamba gari bila masega inakula mafuta kidogo ni ya kijiweni. Taa ya injini itabaki inawaka, na hapo ndipo pabaya zaidi: wanaanza kuidanganya sensa au kuizima ndani ya kompyuta ili taa isionekane. Baada ya hapo, koili ikifa hutajua, na koili inayokufa bila wewe kujua hatimaye inaua injini. Na wanaotoboa kauri kwa nondo badala ya kuondoa kikopo chote wajue kuwa lile vumbi si la kuvuta puani. Kitambaa hakitoshi; wavae barakoa ya kuchuja vumbi laini.

Sheria: umeondoa kifaa cha usalama wa hewa kwa makusudi. Huwezi kusema kimekufa chenyewe.

Walio nyuma. Hapa nikae kidogo, kwa sababu dereva ndiye mtu wa mwisho kuvuta moshi wake. Yeye yuko mbele, vioo vimefungwa, AC inapuliza. Anayeuvuta ni mwenye meza ya machungwa pembeni mwa barabara ya Darajani, urefu wa kichwa chake sawa na bomba lako. Ni watoto wa skuli wanaotembea kwa miguu ukingoni mwa barabara ya Fuoni. Ni abiria wa chai maharage, gari ya mbao iliyo wazi pande zote, aliyesimama nyuma yako kwenye foleni ya Amani. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Na wapo wengine wa karibu zaidi: abiria wako wa siti ya nyuma. Kazi mbovu ya kuchomelea chini ya Noah au Hiace huacha upenyo, na moshi ambao haukusafishwa unapanda ndani kupitia sakafu. Abiria anapolalamika kichwa kinamuuma njia nzima ya uwanja wa ndege, usimpe Panadol. Tazama chini ya gari.

Siku ya kuuza. Mtume, rehma na amani zimshukie, alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu waione, kisha akasema mwenye kughushi si katika sisi. Gari yenye bomba tupu na taa iliyozimwa kwa ujanja ni lile rundo hasa. Unaweza kuiuza, lakini lazima unyevu uwe juu.

Inamfaa nani? Nimemtafuta kwa nia njema. Nimempata mmoja: aliyekwama, gari imeziba kabisa, masega mengine yako melini, na anahitaji kuifikisha gari nyumbani. Hata huyo ajue kuwa ni plasta ya siku chache, na kikopo cha zamani akiweke ndani ya buti.

Neno kwa wenye dizeli

Mambo ni yale yale kwa majina mengine. Dizeli mpya zina chujio la masizi ambalo linajisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi kwa joto la nyuzi 600 hivi, na linahitaji mwendo wa kutulia kwa muda. Gari inayobeba saruji kati ya Malindi na Jang'ombe haipati muda huo, chujio linajaa, fundi anasema "tulikate". Ina pia vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto na oksidi za naitrojeni. Hiyo nayo inajaa weusi na watu wanaiziba kwa bati.

Hapa wenye dizeli wana malalamiko ya haki kuliko wa petroli. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu salfa sehemu 50 katika milioni, na gari nyingi mpya za dizeli zilibuniwa kwa mafuta ya Ulaya yenye sehemu 10. Lakini upande wa pili wa mizani ni mzito vile vile: tangu Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kusafisha chujio, kutumia oili yenye majivu machache kama kitabu cha gari kinavyotaka, na kuitoa gari njia ndefu mara moja kwa wiki ni kazi, lakini ni kazi inayowezekana. Usinunue dizeli ya kisasa kama safari zako zote ni za mjini. Hilo ndilo chujio rahisi kuliko yote.

Kwa hali yako

Taa imewaka lakini gari inavuta vizuri: usikubali mtu ayaguse masega. Piga mashine ya kusoma namba za kompyuta, tazama kutu, plagi, koili na sensa kwanza.

Gari haivuti na geji imethibitisha yameziba, na unabeba abiria kwa kipato: tibu chanzo, kisha chagua baina ya mtumba ya asili na mapya yenye dhamana. Kama gari ni ya aina inayojaa Dar, mtumba. Kama ni adimu, mapya.

Gari inakula oili: usitie masega ya thamani yoyote kabla injini haijafunguliwa. Yatakufa tena kabla hujamaliza deni.

Uko Chake au Wete na fundi mwenye geji hayuko karibu: hata simu ya mkononi na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani vinakusomea namba. Milima ya Pemba nayo ni kipimo kizuri. Gari inayopanda vizuri na mizigo njia ya Mkoani haijaziba.

Umenunua gari na ukagundua baadaye ni tupu: haupo peke yako. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2020 ilihesabu gari ndogo za mitumba milioni 14 zilizouzwa nje baina ya 2015 na 2018, asilimia 40 hivi zikaja Afrika, na baadhi zilikuwa zimeshanyofolewa vifaa vya thamani njiani. Kosa si lako, ila kuanzia siku uliyojua, moshi ni wako. Rudi kwa muuzaji kwanza, na kabla ya kununua nyengine, lala chini ya gari ugonge mwenyewe.

Na kama bado hujaamua, angalau usiyaache gereji. Yangu ya zamani yako stoo, ndani ya gunia la mchele. Wiki iliyopita alipita kijana na baskeli, akaniamkia vizuri, akauliza kama nina vyuma chakavu. Nikamuonesha rejeta kuukuu na mabati. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Masega huna, mzee wangu?"

Nikamwambia ataje bei kwanza. Alipoitaja nilielewa kwa nini siku ile kazi ilikuwa ya bure.